Fangasi kwa mtoto mchanga: kuitambua, kuitibu, na kuzilinda dawa zisiwe butu

Mama mmoja alinijia na kichanga cha wiki tatu, kimefunikwa leso juu ya leso ingawa jua la Busia, Uganda, mpakani na Kenya, lilikuwa limeshapamba moto. "Sista, ulimi wa mtoto ni mweupe. Nimempa dawa lakini weupe hautoki."

Nikamuuliza dawa gani. Akafungua fundo la leso, akatoa kapsuli ya flukonazoli, dawa ya fangasi, ya miligramu 200, ganda limeshafunguliwa na unga umebaki nusu. Muuza dawa karibu na stendi alimwambia achovye kidole kwenye unga ampake mtoto ulimini, asubuhi na jioni. Nikauliza tena: weupe huonekana saa ngapi? "Kila akishanyonya." Nikaviringisha kitambaa safi kidoleni, nikapangusa ulimi taratibu. Weupe ukatoka wote. Chini yake ulimi ulikuwa laini, mwekundu kidogo, mzima kabisa. Yalikuwa maziwa.

Mtoto yule hakudhurika siku ile. Lakini fangasi chache zinazoishi kimyakimya kinywani na tumboni mwake zilikuwa zimeonjeshwa dawa kwa siku kadhaa, kidogo kidogo, kiasi kisichoziua. Hiyo ndiyo shule ambamo fangasi hujifunza kuishi na dawa. Na siku mtoto mwingine, njiti wa kilo moja, akipata fangasi ya damu, dawa ileile ndiyo mara nyingi huwa ya pekee iliyopo kabatini.

Mwongozo huu nimewaandikia watu wawili: mama aliye nyumbani na mtoto wake, na muuguzi au mkunga anayekesha katika wodi ya watoto wachanga. Mama asome hatua tano za mwanzo na sehemu ya mwisho. Muuguzi asome zote, maana swali la mama litamfikia yeye.

Kabla ya hatua yoyote: kuwepo si kuugua

Kandida ni fangasi ya ukoo wa hamira, ile tunayoumulia mandazi. Huishi kinywani, tumboni, ukeni na kwenye ngozi ya watu wazima wengi wasio na ugonjwa wowote. Mtoto huipata kwa njia mbili: anapopita kwenye njia ya uzazi ya mama, au baadaye kutoka kwenye mikono na vitu vinavyomgusa. Ikishahamia kwake, mara nyingi inakaa tu. Mtoto aliyezaliwa baada ya kutimiza miezi tisa tumboni, ananyonya vizuri na anaongezeka uzito, hahitaji dawa kwa sababu tu maabara imeiona Kandida kwenye choo chake au kwenye ngozi yake. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu nimeona watoto wazima wakitibiwa karatasi ya maabara.

Kwa njiti mambo hubadilika. Mtoto wa chini ya gramu 1,500, na zaidi yule wa chini ya 1,000, ana ngozi nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, utumbo usiokomaa na kinga changa. Ukimpa antibiotiki kali kwa siku nyingi, unang'oa bakteria wema waliokuwa wameshika shamba, na magugu yanapata nafasi. Ukimwekea kanula, yaani kijimrija cha mshipani, ikakaa siku nyingi, umeifungulia fangasi mlango wa damu. Kutoka kwenye damu huenda kwenye figo, ubongo, macho na moyo.

Tena Kandida si moja. *Candida albicans* ndiyo ya kawaida, na kwa sehemu kubwa bado inaisikia flukonazoli. *Candida parapsilosis* inapenda mikono ya wahudumu na plastiki za mipira na kanula. *Candida glabrata* huisikia flukonazoli kwa shida. *Candida krusei* haiisikii kabisa, imezaliwa hivyo. Na *Candida auris*, iliyoelezwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009, kwa kawaida inaikataa flukonazoli, hukaa juu ya vitanda na vifaa kwa wiki kadhaa, na imeshaonekana hospitalini Nairobi, ambako kutoka kwetu mpakani ni safari ya basi la siku moja. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari, *auris* na *albicans* ziliwekwa zote mbili katika kundi la juu kabisa.

Usugu hutokeaje? Flukonazoli hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya ambacho fangasi hukitumia kutengenezea mafuta ya utando wa seli yake. Fangasi sugu hubadilisha umbo la kimeng'enya hicho dawa isishike, au hukitengeneza kingi kupita dawa, au hujenga pampu za kuitapika dawa nje. Na hapa pana tofauti ambayo wahudumu wengi hawakufundishwa. Bakteria hupeana siri za usugu, huyu akimrithisha yule hata wasiokuwa ndugu. Fangasi ni nadra kufanya hivyo. Sugu mmoja huzaa sugu wenzake, na kizazi hicho husafiri kutoka kitanda kimoja hadi kingine kikiwa kimebebwa. Kinabebwa na nani? Na mikono yetu. Kwa hiyo wodini, kuzuia usugu huanzia kwenye ndoo ya maji na sabuni kabla hakujafika kwenye kabati la dawa.

Hatua ya 1: mama atibiwe akiwa bado mjamzito

Uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando, pamoja na mwasho ukeni, useme kliniki ya wajawazito. Usione haya, wakunga huyasikia haya kila siku. Dawa inayofaa ni klotrimazoli ya kuweka ukeni, ama kidonge kimoja cha miligramu 500 au cha miligramu 100 kila usiku kwa siku 6 au 7. Flukonazoli ya kumeza haifai kwa mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwanzo, hata kama dukani wanaiita "kidonge kimoja tu". Kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu au dawa za mitishamba kunaondoa bakteria walinzi na kuirudisha fangasi ikiwa na nguvu zaidi.

Hatua ya 2: siku za kwanza, walinzi wahamie mapema

Mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara anapozaliwa, na anyonye ndani ya saa moja. Maziwa yale ya kwanza ya njano yana kinga, na bakteria wa ngozi ya mama ndio majirani wema tunaotaka wahamie kwa mtoto kabla ya wale wa hospitali. Kwa njiti ni hivyo hivyo. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri matunzo ya kangaruu, yaani mtoto afungwe kifuani ngozi kwa ngozi, yaanze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, isipokuwa kwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe au mwenye mshtuko.

Sasa niseme juu ya kyogero, yale maji ya majani ya kumwogeshea mtoto. Najua ni heshima ya nyumba nyingi za Buganda na kwingineko, na jjajja, yaani bibi, anayekuletea beseni la majani anakuletea upendo. Lakini maji yaliyokaa na majani tangu jana ni supu ya vijidudu, na mtoto huyameza, na kitovu chake bado ni kidonda. Mwambie jjajja kwa adabu: tungoje kitovu kidondoke na kikauke, na kwa njiti tusifanye kabisa. Kitovuni usiweke majivu, poda wala mafuta. Kama kituo kimekupa jeli ya kloheksidini ya kitovu, itumie kama walivyokuonyesha. Kama hawakukupa, kiache kikavu na safi.

Hatua ya 3: weupe huu ni nini?

Nawa mikono. Keti mahali penye mwanga wa jua. Viringisha kitambaa safi chenye unyevu kidoleni, upanguse.

Ukitoka kirahisi na kuacha ulimi mzima, ni maziwa. Usitumie dawa.

Ukiwa umeganda kama jibini, uko pia ndani ya mashavu, kwenye ufizi au kaakaa, na ukijaribu kuupangusa haubanduki au unaacha pekundu panapotaka kutoa damu, hiyo ni fangasi ya mdomo. Usiendelee kukwangua.

Ukiona vipunje vyeupe vigumu, viwili vitatu, katikati ya kaakaa au kwenye ufizi, navyo haviongezeki, ni vitu vya kawaida kwa wachanga na huisha vyenyewe. Nakuomba usimpeleke mtoto kwa wale wanaochimba "ebiino", yale yanayoitwa meno ya uongo. Nimewaona watoto waliochimbwa ufizi kwa spoku ya baiskeli, na kile kidonda ni njia pana ya vijidudu kuingia mwilini kuliko fangasi yoyote ya ulimi.

Hatua ya 4: kuitibu fangasi ya mdomo mpaka iishe

Dawa ya kwanza ni nistatini ya maji, yenye yuniti 100,000 katika kila mililita. Haipenyi kutoka tumboni kwenda kwenye damu. Inaua kile inachokigusa tu, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanamimina kwenye ulimi, mtoto anameza mara moja, wanasema dawa haifanyi kazi.

Fanya hivi. Mtoto anyonye kwanza. Ngoja dakika chache. Tikisa chupa vizuri, kwa sababu dawa hutuama chini na siku za mwanzo mtoto anabaki akinywa maji matamu, na siku za mwisho anakunywa tope. Vuta mililita 1 kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano. Weka nusu ndani ya shavu la kulia na nusu ndani ya shavu la kushoto, kidogo kidogo, kisha kwa kidole safi au kijiti cha pamba upake panapoonekana weupe. Rudia mara 4 kwa siku, kwa siku 7. Weupe ukiisha siku ya tatu, usiache. Endelea hadi siku zitimie, na angalau siku 2 baada ya alama ya mwisho kupotea. Bomba lisiguse mdomo wa mtoto kisha likarudi chupani.

Mama naye atibiwe siku hiyohiyo. Chuchu zinazowaka moto wakati wa kunyonyesha, zinazong'aa au kubanduka, mara nyingi zina fangasi ileile. Paka nistatini au krimu ya klotrimazoli kila baada ya kunyonyesha, na uifute iliyobaki kabla ya mtoto kunyonya tena. Usiache kunyonyesha. Ukimtibu mtoto peke yake, wanarudishiana kama mpira. Sidiria ifuliwe na kuanikwa juani. Kikombe na kijiko cha kumlishia vichemke kweli kwa dakika 10. Kama unatumia chupa yenye chuchu ya mpira, huu ndio wakati wa kuhamia kikombe.

Dawa nyingine unazoweza kukuta:

Dawa ya zambarau, ile tunayoiita GV, imewaponya wengi vituoni wakati nistatini haipo. Inayofaa kinywani mwa mchanga ni ya 0.25% tu, zile kali za madukani huunguza kinywa na kufanya vidonda. Kanada ilitoa tahadhari mwaka 2019 kuhusu uwezekano wa dawa hii kusababisha saratani. Mimi huiweka nyuma, kwa siku ambayo hakuna kingine.

Jeli ya mikonazoli ni nzito, inaweza kumkaba mtoto. Haifai kwa aliye chini ya miezi 4, na kwa njiti ngoja hadi miezi 6.

Asali, hapana. Chini ya mwaka mmoja asali inaweza kubeba mbegu za vijidudu vinavyotengeneza tumboni mwa mtoto sumu inayolegeza misuli yake hadi ya kupumulia. Chumvi, magadi, soda na majivu navyo viache jikoni.

Na flukonazoli? Ni dawa nzuri sana, na ndiyo maana nailinda kwa wivu. Nchini kwetu inawakinga watu wengi wenye VVU na meninjitisi ya kriptokoka, fangasi inayoshika utando wa ubongo, na inaokoa njiti. Kwa mdomo wa mchanga huja baada ya nistatini kushindwa kweli, kwa cheti cha daktari, kwa uzito wa mtoto uliopimwa kwenye mizani siku hiyo. Haichovywi kidole.

Wiki ikipita bila nafuu, rudi kituoni. Nikimwona mtoto wa namna hii, sianzi kushuku usugu. Usugu kwa nistatini ni nadra. Nauliza kwanza: dawa iligusa weupe au ilimezwa? Chuchu zilitibiwa? Mtoto yuko kwenye antibiotiki? Je, kipimo cha VVU kimefanyika? Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hupimwa akiwa na wiki 4 hadi 6, na fangasi inayorudi kila mara au inayoshuka kooni ni sababu ya kutokisahau kipimo hicho.

Kwenye makalio, fangasi ni wekundu mkali ndani ya mikunjo wenye vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni kama watoto kandokando ya mama yao. Paka klotrimazoli ya 1% mara 2 au 3 kwa siku, badilisha pampasi mapema, mwache mtoto wazi apigwe na hewa. Kataa zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi ndani, hata kama wekundu hupotea kesho yake. Steroidi inaficha moto huku fangasi ikiendelea kula chini kwa chini.

Hatua ya 5: wakati wa kuacha kila kitu na kukimbia

Fangasi ya mdomo haiui mtoto aliyezaliwa miezi yake imetimia. Fangasi ya damu inaua, na haina sura yake: inafanana na maambukizi ya bakteria. Ukiona mtoto amekataa kunyonya, amelegea hata ukimchezea nyayo hashtuki, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea, ametetemeka kwa degedege, joto limefika 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, usipitie duka la dawa. Mfunge kifuani, ngozi kwa ngozi, uende kituo cha afya cha karibu. Wao watakupa rufaa kama inahitajika. Kama kuna mhudumu wa VHT, ile timu ya afya ya kijiji, mwite akupigie simu mbele wakuandalie nafasi.

Hatua ya 6, kwa wauguzi: mikono, na chupa ya sukari

Wenzangu, sasa nazungumza nasi sote tunaovaa sare.

Kucha fupi. Pete, saa na bangili viachwe nyumbani. Chini ya kiwiko pawe wazi. Sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60, spiriti ya mikono sekunde 20 hadi 30, na spiriti inaiua Kandida vizuri. Maji ya bomba yakikatika, jerikeni ya kukanyaga kwa mguu inatosha. Spiriti ikikosekana, duka la dawa la hospitali linaweza kuitengeneza kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani yenye ethanoli 80%. Lakini taulo moja linaloning'inia karibu na sinki, ambalo kila mtu anajifutia tangu Jumatatu, liondoe leo. Mkono ulionawa na kufutwa hapo umerudi kuwa mchafu. Glavu nazo hazinawi mikono. Nimewahi kumwona mwenzangu aliyetoka kwa mtoto hadi mtoto na glavu zilezile, akiamini anawalinda.

Mama wa kangaruu, shangazi aliyekuja na uji na daktari mkuu wa mzunguko wananawa sawasawa. Ukimwogopa mkubwa, mwambie kwa heshima: "Daktari, maji haya hapa."

Jambo la pili ambalo naliona ni kubwa kuliko linavyosemwa ni chupa ya dekstrozi. Moja inafunguliwa asubuhi, sindano inaachwa imechomekwa kizibo, na kila mtoto mwenye sukari ya chini anachotewa humo mpaka usiku. Kwa fangasi hicho ni chakula, joto na usafiri vimekusanywa pamoja. Chupa moja kwa mtoto mmoja, kisichotumika kimwagwe. Mchanganyiko uandaliwe kwenye meza safi iliyo mbali na sinki.

Kila asubuhi uliza kuhusu kila kanula na kila mpira: bado kinahitajika? Kama mtoto anaweza kulishwa maziwa ya mama kwa mpira wa mdomoni au kwa kikombe, dripu itoke. Fangasi hujijengea utando wa kamasi ndani ya mpira, na dawa haipenyi humo.

Hatua ya 7: punguza antibiotiki zisizo na kazi

Kwa maambukizi yanayoshukiwa, anza na ampisilini na jentamisini kama miongozo inavyosema. Seftriaksoni na ndugu zake zina mahali pao, lakini njiti anayepewa kundi hilo anaongezewa hatari ya fangasi ya damu. Tena seftriaksoni haifai kwa mchanga mwenye manjano wala anayepata kalisiamu kwenye mshipa. Damu ikioteshwa maabara kutafuta vijidudu na kutotoa kitu baada ya saa 48, na mtoto ni mzima, simamisha. Najua woga wa kusimamisha. Nimekaa nao usiku. Lakini siku ya saba ya antibiotiki isiyohitajika haimlindi mtoto, inamtayarisha kwa Kandida. Dawa za kupunguza asidi tumboni nazo zisitolewe kwa mazoea.

Hatua ya 8: shuku, otesha damu, tambua ni ipi

Njiti mwenye siku kadhaa kwenye antibiotiki, anaanza kusahau kupumua, tumbo limejaa, sukari imepanda bila sababu, chembe sahani za damu zimeshuka: fikiria fangasi. Chukua damu ya kuotesha, angalau mililita 1, kabla ya dawa, kwa ngozi iliyosafishwa na kuachwa ikauke. Jua pia kwamba kipimo hiki hukosa takriban nusu ya wagonjwa wa kweli. Chupa ikikaa kimya, mtoto bado anaweza kuwa na fangasi.

Maabara ikisema "hamira imeota", usikubali kuishia hapo. Waombe kipimo cha chipukizi. Ni rahisi na hakidai mashine: fangasi huwekwa kwenye majimaji ya damu kwa nyuzi 37, na baada ya saa 2 hadi 3 *albicans* huchipua kama haragwe. Ikichipua, flukonazoli ina nafasi nzuri. Isipochipua, usiiamini flukonazoli mpaka uthibitishe. Sampuli zisizotambulika, au zinazotajwa kwa majina ya ajabu, zipelekwe rufaa, hadi Maabara Kuu ya Afya ya Umma huko Butabika ikibidi. *Auris* hudanganya mashine nyingi za kawaida ikaitwa jina la jamaa yake.

Katika uchunguzi wa nchi 11 uliofanyika kati ya 2018 na 2020, nao ulihusisha Uganda, watoto wachanga wenye maambukizi ya damu walifuatiliwa. Kwa wale waliokuwa na Kandida, *albicans* ilikuwa takriban theluthi tu, na *parapsilosis* ikiifuata kwa karibu. Kwa hiyo kukisia "ni ile ya kawaida" ni kucheza bahati nasibu.

Hatua ya 9: dawa, kwa uzito wa leo

Uamuzi ni wa daktari, lakini muuguzi ndiye anayevuta dawa, na kosa la nukta moja ni kosa la mara kumi.

Amfoterisini B ya kawaida ndiyo nguzo: miligramu 1 kwa kilo kwa siku. Ichanganywe kwenye dekstrozi ya 5% peke yake. Kwenye maji ya chumvi inaganda. Ipite polepole, kwa saa 2 hadi 6. Fuatilia mkojo, kreatinini na potasiamu.

Flukonazoli ya matibabu, kwa mtoto ambaye hakuwa akiipata kama kinga, ni miligramu 12 kwa kilo kwa siku, na wataalamu wengi huanza na dozi moja kubwa ya miligramu 25 kwa kilo. Tuchukue njiti wa kilo 1.5. Dozi ya kwanza ni miligramu 37.5, dawa ya mshipa ina miligramu 2 kwa mililita, kwa hiyo ni mililita 18.75. Kila siku baada ya hapo ni miligramu 18, yaani mililita 9. Mpime tena kila siku mbili tatu. Njiti anaongezeka, na dozi ya wiki iliyopita inageuka dozi ndogo. Dozi ndogo ndiyo mwalimu wa usugu.

Kanula au mpira wa mshipa mkubwa utolewe. Maji ya uti wa mgongo yapimwe, macho yaangaliwe, figo zipigwe ultrasaundi. Rudia kuotesha damu hadi iwe safi, halafu uhesabu siku 14 kutoka siku hiyo ya usafi. Kuhesabu kutoka siku ya kwanza ya dawa ni kosa ambalo nimelikuta kwenye mafaili mengi.

Flukonazoli ya kinga, miligramu 3 hadi 6 kwa kilo mara mbili kwa wiki kwa wiki 6, hupendekezwa kwa watoto wa chini ya gramu 1,000 katika wodi ambazo zaidi ya 10% yao hupata fangasi ya damu. Wodi isiyootesha damu haiwezi kuijua asilimia yake. Anzeni na daftari: uzito, siku za antibiotiki, aina ya fangasi, dawa iliyoisikia. Miezi sita ya daftari lililoandikwa vizuri itawaambia kama kinga inawafaa.

Hatua ya 10: watoto wawili, fangasi moja

Watoto wawili wakipata aina moja isiyo *albicans* ndani ya wiki chache, usingoje wa tatu. Johannesburg mwaka 2014 *Candida krusei* ilienea katika wodi ya wachanga mtoto baada ya mtoto, na hiyo ni fangasi ambayo flukonazoli haiiwezi hata kidogo. Watenge upande mmoja, wapangiwe muuguzi wao, kila mmoja awe na stetoskopu, kipimajoto na mkanda wake wa kupimia. Futa vitanda, mizani, inkubeta na vishikio vya milango kwa sabuni kwanza, kisha klorini ya 0.1%: kama jiki yako imeandikwa 3.5%, ni kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 34 vya maji, iliyochanganywa siku hiyohiyo. Watoto wa jirani wapanguswe kwa pamba makwapani na kwenye nyonga, sampuli ziende maabara. Atakayekutwa nayo akiwa mzima hatibiwi. Anatengwa na mikono inaongezwa.

Kurudi nyumbani

Mtoto akiruhusiwa, mama aondoke na karatasi yenye jina la fangasi, jina la dawa, dozi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kama mtoto alibeba fangasi sugu, iandikwe kwa herufi kubwa, ili akilazwa tena Tororo, Mbale au Kampala wasianze gizani. Nyumbani wageni wanawe kabla ya kumbeba, na wanaoumwa wangoje wapone.

Na siku ya kliniki, mama, njoo na kila dawa ambayo mtoto ameionja: iliyotoka hospitali, iliyotoka dukani, aliyoleta shangazi, hata chupa iliyokwisha na kapsuli iliyofunguliwa nusu. Hakuna atakayekugombeza. Tutazipanga mezani, tutakwambia ipi iendelee na ipi ibaki kwetu.